Shibiri Nne na Vidole Viwili

Binti wa kaka yangu aliingia kwangu Jumapili moja jioni akichechemea. Alinipa shikamoo yake mlangoni, akajitupa kwenye kochi, akapandisha suruali hadi gotini na kunionyesha ugoko. Haukuwa umevimba, lakini nilipoubonyeza kwa kidole gumba alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Nikafungua friji, nikatoa barafu mbili za ubuyu ninazowagandishia watoto wa jirani, nikazifunga ndani ya kanga na kumwekea.

"Wiki ya ngapi hii tangu uanze kukimbia?"

"Ya tano, shangazi."

"Na viatu?"

"Vipya kabisa. Kwa hiyo si viatu."

Chanzo cha maumivu yake kilikuwa Tokyo. Usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha iamue, na picha ikasema Mtanzania katangulia kwa sekunde 0.03. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuleta dhahabu kutoka mashindano hayo kabla yake. Asubuhi ile kila kijiwe cha Dar es Salaam kilikuwa na makocha, na binti yetu naye akajiandikisha kwenye mbio za kilomita 10. Kila akitoka kazini akawa anakwenda kukimbia Daraja la Tanzanite.

Alinipa simu yake. Video ya Tokyo ilikuwa imesimamishwa mahali pamoja: Simbu yuko hewani, mguu mmoja nyuma, mwingine mbele.

"Tazama, shangazi, hatua moja inavyokwenda mbali. Mimi nalazimisha miguu ifike vile, ndiyo maana inauma. Itazoea tu. Mbona Akhwari alimaliza na goti limefungwa bandeji?"

Sikumjibu haraka. Kosa la namna ile niliwahi kulifanya mimi mwenyewe, na malipo yake niliyatoa kwa goti.

Mwaka 2019 nilikuwa na miaka 41, mhasibu wa kushinda kitini kutwa nzima. Daktari alinipima presha mara mbili, akaandika namba, akazipigia mstari, kisha akasema kabla ya vidonge tujaribu miguu. Nikanunua raba za mtumba Karume, nikaanza kukimbia Coco Beach saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Ujuzi wangu wote wa kukimbia ulitoka kwenye mashindano ya shule ya msingi, mwalimu wa michezo akiwa pembeni mwa uwanja anapiga kelele: "Tanua! Tanua miguu!" Basi nikatanua. Nilirusha mguu mbele mbali nilivyoweza, kisigino kikatangulia, na raba ikalia pwa, pwa, pwa juu ya lami. Mlio ule niliupenda, nikiamini ndio mlio wa mtu anayefanya kazi. Kila aliyenipita nilimjibu kwa kurefusha hatua zaidi, kana kwamba mbio ni kushindana kuruka mitaro.

Wiki ya sita goti la kulia likaanza. Kwanza lilisema nami kwenye ngazi za ofisi, wakati wa kushuka tu. Baadaye likawa linauma hata nikiinuka kwenye kiti. Nikabadili raba. Nikapaka dawa ya kuchua. Nikapumzika siku nne, nikarudi na hatua zilezile, na goti nalo likarudi na maumivu yaleyale. Funzo la wakati ule sikulielewa hadi baadaye: anayeanza kukimbia hulaumu alichokinunua kabla ya kutazama anachokifanya. Viatu vinabadilika kwa siku moja, lakini namna ya kukanyaga hairudishwi dukani.

Jumamosi moja klabu ya jogging ilikuja ufukweni kutoka upande wa Temeke, watu kama arobaini waliovaa fulana za rangi moja, mbele yao kijana mwenye filimbi. Mzee mmoja alichomoka kwenye kundi akawa sambamba nami. Alisema aliwahi kuwa JKT zamani, na kwa namna alivyonyoosha mgongo sikuwa na sababu ya kubisha.

"Dada, nimekusikia kabla sijakuona," alisema.

Nikadhani ananisifu.

"Gari likikanyagwa breki kila baada ya mita moja litafika, lakini pedi zitaisha. Na pedi zako wewe ni magoti."

Maji yalikuwa yamekupwa. Akanishusha kwenye mchanga uliolowa, akaniambia nikimbie kama nilivyokuwa nikikimbia barabarani, halafu nirudi nitazame nyayo zangu. Sijawahi kuusahau msururu ule. Kila unyayo ulianza na shimo la kisigino, na mbele ya shimo mchanga ulikuwa umesukumwa ukarundikana, kama uliotifuliwa kwa ncha ya jembe. Sehemu ya vidole ilikuwa haionekani vizuri. Karibu na nyayo zangu mzee alikimbia za kwake: zilikuwa bapa, zimekaribiana, kisigino na vidole vimeandika sawa.

Nikachuchumaa nikapima kwa shibiri kutoka kisigino hadi kisigino. Hatua yangu ilikuwa shibiri nne na vidole viwili.

Kifusi kile cha mchanga ndicho kilichonieleza kuhusu goti langu kuliko dawa zote za kuchua. Mguu unapotua mbali mbele ya mwili, goti limenyooka na kisigino kimetangulia, ardhi humsukuma mkimbiaji nyuma. Unajisukuma kwenda mbele, ukitua unajizuia, kisha unajisukuma tena kufidia ulichojizuia. Nguvu ya kujizuia lazima ipokelewe mahali fulani, na wapokeaji wake wa kwanza ni ugoko, goti na nyonga. Hatua yenyewe haina kosa kwa kuwa ndefu. Kosa ni kuupeleka mguu mahali ambapo mwili bado haujafika.

Nilitegemea mzee ataniambia nifupishe. Hakusema hivyo. Aliniambia nihesabu. Kimbia kama kawaida, tazama saa, hesabu mguu wa kulia unapokanyaga kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Nilipata 37, yaani hatua 148 kwa dakika. "Hiyo ndiyo mali uliyonayo," akasema, akalikimbilia kundi lake. Sikumwona tena. Mimi niliyekuwa nikifunga vitabu vya watu kila mwisho wa mwezi nilikuwa sijawahi kuhesabu hatua zangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili lilikuwa la msomi. Usiku ule nilisoma kwenye simu hadi nikakutana na namba 180. Kila aliyeandika aliitaja kama amri: mkimbiaji sahihi hupiga hatua 180 kwa dakika. Nikapakua programu inayopiga tik-tik-tik, nikaiweka kwenye 180, na kesho yake nikaingia barabarani kuifukuza.

Kutoka 148 hadi 180 ni ongezeko la zaidi ya asilimia 21. Sikulipigia hesabu. Kwenye vitabu vya kampuni, gharama ikipanda hivyo kwa usiku mmoja ningemwita meneja. Dakika ya nane moyo ulikuwa kooni, maana kila nilipoongeza mapigo ya miguu niliongeza na kasi, kama mtu anayedhani ngoma ikichangamka ni lazima ukumbi wote ukimbie. Siku ya tatu vigimbi vilikaza kama kamba ya katani iliyolowa maji. Siku ya tano kano ya kisigino cha kushoto iliuma kiasi kwamba nilikwenda chooni asubuhi kwa kushika ukuta. Goti, nakiri, lilikuwa limenyamaza. Mzigo nilikuwa nimeutua goti na kuutwika kigimbi kabla hakijaandaliwa. Nilikaa wiki mbili bila kukimbia.

Katika wiki hizo mbili ndipo nilipotafuta namba ile ilikotoka. Mwaka 1984 kocha wa Kimarekani, Jack Daniels, alihesabu hatua za wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles, akaona karibu wote walipiga 180 au zaidi kwa dakika. Alichokiona kilikuwa kweli. Lakini aliowahesabu walikuwa wakimbiaji wa Olimpiki, wakiwa mashindanoni, kwa kasi ya mashindano. Mapigo ya miguu hupanda kadiri kasi inavyopanda, na mtu mwenye miguu mirefu kwa kawaida hupiga machache kuliko mfupi anayekimbia naye sambamba. Hesabu ya mabingwa wa Los Angeles haikuandikwa kwa ajili ya mhasibu wa Dar es Salaam anayemaliza kilomita moja kwa dakika nane.

Nilichokihitaji kilikuwa kidogo zaidi. Utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Wisconsin, uliochapishwa mwaka 2011, uliwapima wakimbiaji wakiwa kwenye kasi ileile huku mapigo yao yakiongezwa kwa asilimia 5 na 10 tu. Nyongeza hiyo ndogo ilitosha kupunguza mzigo kwenye magoti na nyonga. Nikarudi kwenye namba yangu mwenyewe: 148 na asilimia 5 yake ni 155. Wala halikuwa jambo la kumtisha mtu.

Tatizo likawa namna ya kuishika 155 mwilini. Ile tik-tik ya simu ilinichosha akili. Ndipo nilipokumbuka mchakamchaka.

Waliosoma shule za msingi Tanzania wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Alfajiri, umande bado uko kwenye nyasi, mmepangwa mistari miwili mnaizunguka shule. Kiongozi anatoa sauti, ninyi mnaitikia, na miguu inatua kwenye kiitikio. Hakuna aliyetanua miguu pale, maana ungemkanyaga wa mbele. Hakuna aliyepiga kisigino, maana wengi wetu tulikuwa peku na kokoto zilikuwa walimu wakali kuliko mwalimu wa zamu. Hatua zilikuwa fupi, nyepesi, chini ya mwili, na tulikuwa na pumzi ya kuimba. Tulimaliza tukiwa tumetota jasho tukaingia darasani. Sikumbuki mtoto hata mmoja aliyelalamikia goti.

Yaani nilifundishwa kukimbia kabla ya kufundishwa kutanua, nikashika la pili nikasahau la kwanza.

Nikachagua wimbo mmoja wa mchakamchaka, nikaurekebisha kwa ile programu mpaka ukakaa kwenye 155, kisha nikaizima simu na kubaki na wimbo kifuani. Sikukimbia nao njia nzima. Katika kila dakika tano, dakika moja niliukimbilia wimbo, nne zilizobaki niliiacha miguu iende itakavyo. Wiki iliyofuata zikawa dakika mbili, kisha tatu. Niligundua pia kwamba miguu husikiliza mikono: nikifupisha mzunguko wa viwiko, hatua nazo zinafupika bila kuamrishwa.

Sharti gumu lilikuwa moja, kuongeza mapigo bila kuongeza kasi. Kwa mwendo wangu wa dakika nane kwa kilomita nilikuwa nakwenda mita 125 kila dakika. Gawanya kwa hatua 148, unapata sentimita 84 na nusu kwa hatua. Gawanya kwa 155, unapata 80 na kitu. Tofauti haifiki sentimita 4. Mwisho wa wiki ya nne nilishuka tena kwenye mchanga uliolowa, maji yakiwa yamekupwa, nikapima nyayo zangu. Shibiri nne kamili. Vile vidole viwili vilikuwa vimeondoka, na kifusi cha mchanga mbele ya kisigino kimebaki alama tu.

Vidole viwili! Miezi yote ile ya kupaka dawa na kubadili raba, nilichokuwa natakiwa kurudisha ni upana wa vidole viwili. Wapo watakaosema hatua zikiwa nyingi mtu atachoka zaidi. Ni kweli kwamba kwa kilomita 5 nilipiga hatua 6,200 badala ya 5,920. Lakini magunia mawili ya mkaa ukiyapeleka stoo kwa debe utakwenda safari nyingi na mgongo utabaki salama. Ukiyabeba kwa mpigo, safari ni moja, na kesho yake uko kwa mganga.

Nilikaa kwenye 155 hadi mwili ukaacha kuihesabu, ndipo nikasogea 160 na zaidi. Mwaka 2022 nilikwenda Moshi kukimbia nusu ya Kilimanjaro Marathon, kilomita 21. Mpando wa kuelekea Mweka unajulikana: barabara inakwea taratibu katikati ya migomba, na kila ukidhani imeisha inakata kona na kuendelea. Pale nilishukuru kuwa na hatua fupi. Mlimani hatua ndefu ni kama kupandisha baiskeli ya gia nzito. Nilikata hatua hadi zikawa ndogo kama za mtu anayepita sebuleni palipolala watoto, nikaimba moyoni, nikapanda.

Kilichonishinda kilikuwa kushuka. Ulipofika mteremko, nami nikajiona Simbu. Uzito wa mwili ukafungua miguu, shibiri nne zikawa tano, pengine sita, na ule mlio wa pwa, pwa ukarudi. Mama mmoja aliyenizidi umri, kajifunga kilemba, akanipita akiidonoa lami kwa hatua ndogo ndogo kama kuku anayeokota mtama. Kilomita chache baadaye goti la kulia likabisha hodi kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Nikakata hatua, nikamaliza, lakini nilimaliza nikiwa nimejua kwamba tabia ya zamani haifi. Inajificha, ikingoja siku utakapochoka au njia itakaporahisika. Ndiyo maana mpaka leo, nikiwa nakimbia peke yangu, nazima muziki kwa dakika chache nisikilize miguu. Mlio ukikua, najua nimeanza tena kufika kabla ya mwili.

Leo nikienda taratibu napiga 164, nikikaza 170. Hiyo 180 sijawahi kuifikia bila kuhema, na sina deni nayo.

Haya yote nilimweleza binti wa kaka yangu huku barafu za ubuyu zikiyeyuka kwenye kanga. Kisha nikamrudisha kwenye picha yake. Nikamwambia asiisimamishe Simbu akiwa hewani. Aisogeze mbele kidogo kidogo hadi mguu uguse chini, atazame unagusa wapi. Akasogeza, akanyamaza. Ule mguu uliokuwa mbali mbele angani ulikuwa umerudi karibu na chini ya kiuno kabla ya kukanyaga.

Tukapiga hesabu pamoja. Anayekimbia kilomita 42 na mita 195 kwa muda ule wa Tokyo anakwenda mita 325 kila dakika. Hata tukichukulia kwamba anapiga hatua 180, kila hatua yake ni mita 1 na sentimita 80. Urefu ule hautokani na kunyoosha mguu mbele. Unatokana na kusukuma ardhi nyuma, kisha kuelea. Ni zao la kasi, nguvu na miaka ya mazoezi. Mimi kwa mwendo wangu nikitaka hatua ya namna ile, ningelazimika kupiga 69 tu kwa dakika. Twiga labda angeweza.

"Na Akhwari?" akaniuliza, kwa sauti ya chini sasa.

John Stephen Akhwari alianguka akaumia goti katikati ya marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na aliendelea hadi mstari wa mwisho, giza limeingia na wenzake wamekwishamaliza. Alikuwa amevaa jina la nchi, siku moja, kwenye mbio ambazo hazikuwa na marudio. Jeraha lake lilitokana na kuanguka. "La kwako," nikamwambia, "unajitengenezea mwenyewe kila hatua, kila jioni, pale darajani. Uvumilivu wa Akhwari usiutumie kutetea ukanyagaji mbaya." Nikamwambia pia kwamba ugoko ukiendelea kumuuma hata akiwa amekaa, au maumivu yakijikusanya kwenye ncha moja ya mfupa, aende hospitali na asinisikilize mimi, kwa sababu mfupa ukianza kuchanika hauponi kwa kuhesabu hatua.

Alipumzika siku kumi. Jumamosi iliyopita maumivu yalikuwa yamekwisha, tukatoka pamoja taratibu, mimi nimeshika saa. Alihesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30 akapata 38, yaani 152 kwa dakika. Asilimia 5 zaidi ni 160. Nimempa wiki nne za kuitafuta, na mbio zake za kilomita 10 amezisogeza mwakani bila kununa.

Nawe msomaji, kama umeanza juzi na goti au ugoko umeanza kulalamika, usikimbilie duka la viatu. Toka nje kesho asubuhi, kimbia kama ulivyozoea, na uhesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30. Namba utakayoipata ndiyo ya kuanzia, hata kama ni ndogo kiasi gani. Iongeze kidogo, kasi iache palepale, kisha subiri.